Matuta ya Uluguru na mbwa anayeitwa Hayakuhusu

Najua nimepotea, na kuna waungwana walishaanza kunitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Tulikuwa kwenye UE, halafu karatasi ya mwisho ilipoisha Alhamisi mchana, Ijumaa alfajiri nilikuwa stendi na begi mgongoni. Tulikuwa wanne. Mimi, Msukuma wetu, dada mmoja Msambaa wa Lushoto, na Mluguru wetu ambaye kwao ni Matombo. Safari yenyewe ilikuwa ya kupanda Uluguru kwa upande wa Mgeta, kutoka Nyandira kufuata mgongo wa mlima kwenda juu Tchenzema mpaka msitu unapoanza.

Sasa kwa nini Mgeta, wakati sisi tunaosoma hapa Moro mlima tunauona kila asubuhi tukienda kupiga mswaki? Sababu ni notsi. Mnazijua zile notsi zinazozunguka bwenini, hazina jina la mwandishi, zinarithiwa kama godoro. Muhula ujao tunaenda BTP, mimi nimepangiwa Historia na Jiografia, kwa hiyo nilikuwa nazipitia nitengeneze maandalio mapema. Kwenye mada ya upinzani dhidi ya wakoloni baada ya vita ya pili nikakuta mstari mmoja tu kuhusu Uluguru. Unasema Waluguru walipinga kilimo cha matuta mwaka 1955 kwa sababu hawakuelewa faida ya kilimo cha kisasa.

Mluguru wetu alikuwa kitanda cha juu. Nikamsomea. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Baba yake bibi yangu alilala ndani kwa ajili ya hayo matuta. Alikuwa anaelewa vizuri sana." Halafu akageukia ukutani. Mnajua mtu akigeukia ukutani maana yake mjadala umefungwa. Ila mimi haukufungika. Kwa sababu mwezi fulani nitasimama mbele ya darasa, pengine la watoto wa hukohuko mlimani, na ama nitawaambia babu zao walikuwa hawaelewi, ama nitawaambia kitu kingine. Hicho kitu kingine ndicho nilikuwa nakitafuta.

Basi. Kwenda Mgeta unatoka mjini na barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unakata kushoto, unaanza kupanda. Kuanzia hapo ni kona na makorongo, na ukiwa umekaa upande wa bonde unaona kabisa gurudumu linavyochungulia. Msukuma wetu, mtu wa tambarare, alifumba macho kuanzia Sangasanga mpaka Langali. Nyandira tulifika jioni, baridi ile mbaya, tukapokelewa kwa mama mdogo wa Mluguru wetu aliyeolewa huko. Ugali, njegere za kuunga, na chai ya maziwa ya mbuzi. Ndiyo, ya mbuzi. Miaka ya 1980 watu wa SUA walipeleka huko mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, na mpaka leo utaona wamejengewa vibanda vya mbao vilivyoinuliwa kutoka chini, wanaishi vizuri kuliko sisi wa hosteli.

Pale nyumbani kulikuwa na babu, baba mkwe wa mama mdogo. Tukampa shikamoo zake, akatuita wajukuu, akauliza tunasomea nini. Tukasema ualimu. Akasema "haya" kwa namna ambayo mpaka sasa sijaielewa. Miguuni mwake kulikuwa na mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Nikauliza, babu, huyu mbwa anaitwa nani? Babu akajibu, "Hayakuhusu." Nikaomba radhi. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Kumbe ndilo jina lake. Kila mgeni anaingia mkenge.

Asubuhi tulipoanza kupanda, Hayakuhusu akatufuata bila kuitwa. Babu akasema mwacheni, ameshazoea, kazi yake ni kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na nyani, na huko juu ana marafiki. Akatutolea na mjukuu wake wa darasa la sita atuonyeshe njia, maana kwenye ule mgongo njia zipo kama hamsini na zote zinafanana.

Wadau, kuueleza ule mgongo wa mlima kwa maandishi ni shughuli. Unatembea kwenye njia ya upana wa miguu miwili, kushoto bonde, kulia bonde, na pande zote mbili mteremko umelimwa kuanzia chini kabisa kwenye kijito mpaka unapokanyaga. Kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, maharage. Mteremko mwingine umesimama kiasi kwamba ukidondosha kiazi huwezi kukifuata. Na sehemu kubwa ya ule mteremko imekatwa vingazi. Vyembamba, vimepindapinda, kila kimoja kinaenda anavyotaka mwenyewe. Ukiangalia kwa mbali mlima unakuwa kama kitambaa cha jinzi kilichokunjwakunjwa.

Hapo ndipo fumbo langu lilipo. Kama Waluguru walikuwa hawataki matuta, hivi ni nini?

Tukamkuta mama mmoja analima, tukasimama kumsalimia na kumwangalia (Hayakuhusu naye akapata nafasi ya kulala). Anaanzia chini ya shamba, anapanda juu. Anakata majani pamoja na udongo wa juu, anavuta kwa jembe kuelekea chini yake, majani yanafukiwa kwenye kingazi, udongo unakuja juu yake. Yakioza ni mbolea. Kwa hiyo kile kingazi kila msimu kinasogea kidogo, hakidumu pale pale, na udongo mzuri daima uko juu. Hakuna pima maji, hakuna kamba. Tukamuuliza alifundishwa na nani. Akasema, "Na mama." Basi, jibu limeisha.

Sasa mniruhusu niwe mwalimu kidogo.

Waingereza hawakuanza kuogopa mmomonyoko wa udongo kwa kuangalia Uluguru. Miaka ya 1930 kule Marekani, nyanda za kati zilikauka, upepo ukaubeba udongo wa mashamba ukawa mawingu ya vumbi, wakulima wakahama kwa malaki. Habari hiyo iliwatia hofu mabwana shamba wa makoloni yote ya Kiingereza. Kila aliyeangalia mlima wa Mwafrika uliolimwa aliona jangwa linakuja. Baada ya vita ya 1939 hadi 1945 Uingereza ilikuwa na madeni, inataka mazao kutoka makoloni, na fedha za miradi zikaanza kutolewa. Ndipo miradi ya kulazimisha kilimo ikamwagika Tanganyika nzima. Usambara walianza na bonde la Mlalo mwaka 1946. Usukuma wakaja na sheria za pamba na kupunguza ng'ombe. Uluguru wakapata Mpango wa Matumizi ya Ardhi, ambao ulishika kasi kuanzia mwaka 1950.

Na tuseme ukweli, hofu yenyewe haikuwa ya kijinga. Uluguru ndio chanzo cha Ruvu. Mto Mgeta unatoka upande tuliokuwa sisi, unazunguka milima kwa kusini, unaenda kukutana na Ruvu, na Ruvu ndio maji ya Dar es Salaam. Udongo ukishuka huku, bomba linachafuka kule. Mnaokaa Dar mnakumbuka Oktoba 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka mkaanza kupangiwa zamu za maji. Kwa hiyo swali la nani analima nini juu ya huu mlima ni la kweli, lilikuwa la kweli mwaka 1950 na ni la kweli leo. Msambaa wetu alikuwa analisisitiza hili kila tulipopumzika. Alikuwa anasema, "Msiwafanye Waingereza wajinga, ndipo mtashindwa kuwaelewa." Huyu dada atakuwa mkuu wa shule, mtaona.

Tatizo lilikuwa ni dawa. Walichoamuru ni matuta mapana, ya kukaa kama benchi, yaliyopimwa kufuata kontua, yenye ukingo, kwenye miteremko mikali. Kuchimba tuta la namna hiyo kwenye mlima maana yake unakata ndani ya mteremko. Udongo wa juu wenye rutuba Uluguru sehemu nyingi ni mwembamba. Ukikata ndani unautoa wote, au unaufukia, na kinachobaki juu ni ule udongo wa chini, mwekundu, mgumu, hauna kitu. Ukipanda mahindi hapo yanatoka ya njano. Hili sio siri ya Waluguru peke yao, watafiti waliokuja baadaye wameandika wazi kuwa mazao kwenye yale matuta yalikuwa mabaya. Sasa fikiria wewe ni mama wa watoto watano, unaamrishwa kuvunja mgongo kuchimba kitu ambacho mwisho wake ni kukupunguzia chakula. Usipochimba, faini. Usipolipa faini, ndani. Na walikataza pia kuchoma majani wakati wa kuandaa shamba, ilhali upande wa mashariki, ambako mvua ni nyingi na majani yanaota usiku na mchana, moto ndio jembe la kwanza.

Halafu kuna ardhi. Hapa ndipo notsi zetu zinaponiudhi hasa, maana hazigusi kabisa. Waluguru ardhi yao inafuata upande wa mama. Mashamba ni ya ukoo, wao wanasema lukolo, na anayesimamia ni mkubwa wa ukoo huo. Ila watu wengi walikuwa wanalima pia ardhi ya ukoo mwingine kwa kuazima, wanatoa kitu kidogo cha kushukuru kinachoitwa ngoto. Kwenye shamba la kuazima hupandi mti wa kudumu, kwa sababu mti ni kama kusema hapa ni pangu. Sasa tuta kubwa la kudumu ni nini kama sio hivyo hivyo? Mwenye ardhi anaogopa kwamba aliyeazima akishachimba matuta hatoki tena. Aliyeazima anaogopa kwamba akishavunja mgongo kuchimba, mwenye ardhi atamwambia ahsante, nenda. Na wote wawili wanaogopa kwamba serikali ikishapima kontua itasema shamba ni lake. Nilipomweleza Msukuma wetu hivi akasema kwao mtu anayekuja kuhesabu ng'ombe wako hata kama anatabasamu, wewe unaficha nusu. Ndiyo hivyo hivyo.

Na nani alikuwa anasimamia? Sio Mzungu. Wazungu walikuwa wachache. Waliotumwa kwenda mashambani kukagua matuta ni mabwana shamba wasaidizi na watu wa Mamlaka ya Wenyeji, Waluguru wenzao. Kwa hiyo hasira zikaingia mpaka ndani ya nyumba. Mkubwa wako wa ukoo, uliyekuwa unamwendea kwa mambo ya ardhi na matambiko, sasa anakuandikia faini. Mluguru wetu anasema bibi yake hataki mpaka leo kutaja jina la mzee fulani wa kijijini kwao. Anamwita "yule wa vitabu", kwa maana alikuwa anatembea na daftari la majina. Amekufa zamani, lakini bado ni "yule wa vitabu".

Matombo, kwa wasiopajua, ipo upande wa mashariki, ukifuata barabara ya Kisaki. Misheni ya Wakatoliki ipo pale tangu miaka ya 1890. Jina lenyewe kwa Kiluguru maana yake ni matiti, kwa ajili ya vilima viwili vya mawe vilivyosimama pale. (Msukuma wetu, tafadhali, hatujamaliza somo.) Julai 1955 watu walikusanyika kwa wingi Matombo kukataa matuta. Walitaka wasikilizwe na wakubwa wa wilaya. Polisi wakaitwa. Mabomu ya machozi yakapigwa, mawe yakarushwa, risasi zikafyatuliwa, na mtu mmoja akafa pale pale kwao, kwa ajili ya shimo kwenye mteremko. Wengine wakakamatwa. Muda si mrefu serikali ikaacha kulazimisha matuta, na ule mpango ukafa hivyo.

Wakubwa walisema ni kazi ya wachochezi. Ilikuwa ndiyo kauli yao kwa kila jambo enzi hizo. TANU ilikuwa imezaliwa tarehe 7 Julai 1954, haijatimiza hata mwaka na wiki mbili. Mwalimu Nyerere alikuwa ameacha kufundisha Pugu mwezi Machi mwaka huo huo wa 1955 (sisi wa ualimu hii tarehe tunaitunza). Bila shaka TANU ilifaidika na Uluguru. Chama kichanga kinapokuta watu waliokasirika tayari, kinawapa kadi. Lakini kusema chama kilileta hasira ni kugeuza mambo kichwa chini miguu juu. Hasira ilikuwa na miaka mitano ya jembe ndani yake kabla kadi haijafika. Na haikuwa Uluguru peke yake. Msambaa wetu anasema kwao Lushoto neno matuta wazee wanalitamka kama vile wanatema kitu, na kule nako yaliachwa kabla ya Uhuru. Usukuma sheria za kilimo na mifugo ziliunguza chini kwa chini mpaka Geita ikalipuka mwaka 1958, watu wakatembea mpaka Mwanza. Mkitaka kujua kwa nini TANU ilienea vijijini haraka kiasi kile, msianzie na hotuba, anzieni na jembe.

Turudi kwenye mgongo wa mlima maana mchana huo jua lilikuwa limetoka na Hayakuhusu alikuwa amepata harufu ya nguruwe. Alishuka bondeni kama jiwe. Tukasikia kubweka, kimya, kubweka, halafu kimya kirefu. Yule mtoto wa darasa la sita wala hakutikisika, akaendelea kutafuna karoti. Baada ya nusu saa mbwa akatokea mbele yetu, sio nyuma, amepita njia anayoijua mwenyewe, ulimi nje, ana tope mpaka machoni. Msukuma wetu akasema huyu ndiye mwanajiografia pekee kwenye msafara.

Tulipokaa kula ndipo ubishi ulipowaka. Hoja ya Msambaa wetu ilikuwa hivi: kama matuta ni mabaya, mbona Mgeta wanayo na wanakula vizuri? Si ina maana Matombo wangevumilia tu wangefika hapa? Ni hoja nzuri, na mwanafunzi mwenye akili atakuuliza darasani. Jibu tulilokuwa tunaliona mbele yetu, ila ilibidi tulipange.

Kwanza, Mgeta kuna baridi, mboga za Ulaya zinakubali, na tangu wakati wa ukoloni watu wa huku wanauza mboga mjini. Mkulima wa kabichi anaweka samadi, anamwagilia, anavuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, anapata hela taslimu. Kwake kazi ya kukata mteremko inalipa. Matombo ni joto na mvua nyingi kutoka baharini, watu wanalima mpunga wa mlimani, mahindi, muhogo, ndizi. Tuta halimpi kitu cha kuuza. Pili, hivi vingazi vingi tulivyoviona sio yale matuta ya amri. Ni vyembamba, vinahama, havikati ndani, na udongo mzuri unabaki juu. Kwa hiyo mlima ni mmoja, lakini huku mtu amekata mteremko kwa hesabu zake mwenyewe, kule aliambiwa akate kwa hesabu za ofisini.

Na kuna la tatu ambalo nililipata maktaba, nikawasomea pale pale kwenye simu. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta, zaidi ya milimita 100 ndani ya saa zisizozidi tatu. Yakatokea maporomoko ya ardhi yapata 1,000, mengi madogo madogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wa Uppsala, Sweden, wakapita kuhesabu makovu. Karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na kwenye nyasi za mashamba yaliyopumzishwa. Kwenye msitu, karibu hakuna. Mmoja wao, Paul Temple, aliyeandika historia ya sera za udongo Uluguru, aliona matuta mapana ya miaka ya hamsini hayakufaa miteremko ile, na kwamba vingazi vya wenyeji vilikuwa na busara kuliko vilivyodhaniwa. Tuta la benchi linasimamisha maji ili yazame, na kwenye mlima mkali wenye udongo mwembamba juu ya mwamba, maji yakizama mengi mlima wenyewe unateleza.

Msambaa wetu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Lakini hata vingazi vyenu vilianguka mwaka huo wa sabini." Kweli vilianguka. Miti peke yake ndiyo iliyoshika. Hapo hakuna aliyekuwa na la kusema, na mimi sitajifanya kwamba nilikuwa nalo. Ukiukaa ule mgongo ukaangalia juu, unaona mstari ambapo mashamba yanaishia na msitu mweusi unaanza, huo sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, na nyuma yake uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu, zaidi ya mita 2,600. Ukiangalia chini unaona nyumba, makanisa, shule, watoto. Mlima una watu wengi, na hawana pa kwenda.

Tulifika ukingo wa msitu saa tisa. Kibali cha kuingia hifadhini hatukuwa nacho, na hatukuwa na haja nacho. Yule mtoto akapiga mluzi, Hayakuhusu akageuka nyumbani bila hata kutuaga, na sisi tukageuka nyuma yake. Kushuka magoti yanalia zaidi kuliko kupanda, hilo mlijue mapema mnaopanga kwenda.

Usiku babu akatuuliza tuliona nini. Nikamwambia kuhusu notsi, ule mstari wa kutokuelewa. Akacheka taratibu. Akasema yeye mwaka huo alikuwa kijana mdogo, huku Mgeta nako walichimbishwa, ila wazee wao walikuwa wanachimba mchana mbele ya mkaguzi na kurudia kulima kwao akiondoka. "Tulimwelewa sana," akasema. "Yeye ndiye alikuwa haulizi." Halafu akageukia mambo ya bei ya kabichi, ambayo kwa maoni yake ndiyo historia yenye maana.

Kuna sehemu moja ya hii hadithi ambayo nadhani itafaa kuliko zote darasani. Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF walianzisha mradi Kibungo Juu, upande wa mashariki wa mlima, kwenye vijiji kama Lanzi, Dimilo na Nyingwa. Wazo lilikuwa kwamba wanaokunywa maji ya Ruvu wamlipe mkulima wa mlimani atunze udongo. DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar wakati huo, na Coca-Cola, wakachangia fedha. Na mkulima alilipwa kwa kufanya nini? Kupanda miti, kuacha kuchoma, na kuchimba matuta. Ndiyo wadau, matuta, yakiwemo ya benchi. Miaka hamsini na kitu baada ya risasi za Matombo, watu wa upande ule ule wakaulizwa kwanza, wakapewa mbegu, wakalipwa kwa eneo walilotengeneza, na wengi wakachimba.

Nimemwandalia mwanafunzi wangu wa kufikirika swali moja tu hapo: kitu gani kilibadilika, tuta au mkataba? Mluguru wetu amelisoma. Anasema niongeze swali la pili, waulizwe malipo yenyewe yalikuwa kiasi gani ukilinganisha na bili ya maji ya ghorofa moja la Dar. Anasema bila hilo swali, bibi yake hatanisamehe. Nimeongeza.

Picha nitaweka Msukuma akinipa, maana zote ziko kwenye simu yake na anazishikilia kwa sababu nyingi yeye amefumba macho. Matokeo ya UE yanatoka wiki ijayo. Mniombee.